Gari Lililokataa Kuamka: Kuchaji na Kubadilisha Betri ya Gari la Kisasa

Desemba ya mwaka jana kijana mmoja alirudi nyumbani kwa Krismasi, katika kijiji tunachokitembelea mara kwa mara, akiendesha gari la michezo. Gari la milango miwili, limelala chini kama chura, bomba la moshi linanguruma hata wakuku wakakimbia. Aliliegesha chini ya mwembe na likakaa hapo siku 12, maana barabara ya kwenda sokoni ina mashimo ambayo gari la aina hiyo haliwezi kuyavuka. Asubuhi ya kurudi Nairobi akabonyeza kifunguo chake. Kimya. Mlango ukafunguka kwa shida, taa ya ndani ikawaka nyekundu kama makaa, ikazimika.

Pale kijijini kuna kikundi cha vijana 14 wenye kibanda cha kuchaji simu na betri. Mtaji wao wa kwanza ulitoka kwa kikundi cha akina mama, kwa mkopo, na walikuwa bado wanaulipa. Vijana wakaitwa. Wakaja mbio na betri yao ya sola pamoja na nyaya za jampa. Sasa, nyaya zile zote mbili zilikuwa nyeusi, kwa sababu ile nyekundu iliungua zamani na ikabadilishwa kwa chochote kilichopatikana. Isitoshe, betri ya kibanda ilikuwa na kichwa cha chanya upande wa kulia, na ya gari upande wa kushoto. Mwenye gari alikuwa akiwaharakisha. Hakuna aliyeangalia alama. Ikatoka cheche, moshi kidogo, na harufu ya plastiki iliyoungua.

Gari lilibebwa hadi mjini. Fyuzi kubwa, diodi za alteneta na kompyuta ya injini vyote vilikuwa vimeharibika. Gharama ilikuwa shilingi 61,000, na baada ya wazee kuketi na pande zote mbili, vijana walikubali kulipa nusu. Mama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alituambia, "Andikeni hayo maneno, ili wengine wapate bure kile ambacho watoto wetu wamekilipia." Ndiyo maana ya makala haya. Na ingawa yalianza kwa gari la kifahari, mambo mengi ni yale yale kwa Probox ya kubeba maziwa au pikapu ya kikundi chenu.

Kwa nini gari likilala betri hufa

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba 6. Ndani ya kila chumba mna sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi iliyochanganywa na maji, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Vyumba 6 vikiungwa pamoja tunapata ile volti 12 tunayoijua. Umeme unapotumika, asidi huingia katika sahani na kuacha chumvi nyeupe ya risasi juu yake. Ukichaji, chumvi hiyo huyeyuka na asidi hurudi majini. Lakini betri ikiachwa tupu kwa majuma, chumvi hugeuka kuwa ngumu kama kutu ya sufuria ya zamani, na hapo kuchaji hakuirudishi yote. Betri nyingi tunazoambiwa "zimezeeka" hazikuzeeka. Ziliachwa na njaa.

Gari la zamani ukizima injini linalala kweli. Gari la kisasa hulala jicho moja likiwa wazi. Kengele ya wezi iko macho, kompyuta inashika kumbukumbu zake, na kipokezi cha kifunguo kinasubiri usiku kucha mwenye gari akaribie. Vyote hivyo hunywa umeme kidogo kidogo, labda miliampea 50. Ni kidogo sana, lakini hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 ikikaa siku 12 imepoteza zaidi ya 14. Betri mpya itavumilia. Betri iliyochoka, ambayo uwezo wake wa kweli umebaki nusu, haitavumilia. Na ukisahau taa ndogo ya buti ya wati 5, hiyo peke yake hula ampea-saa 10 kwa siku, na katika siku nne au tano hata betri nzuri imekwisha.

Magari ya michezo huumia zaidi kwa sababu mengi ni magari ya Jumapili. Yanakaa, halafu yanaendeshwa dakika kumi, halafu yanakaa tena. Dakika kumi hazitoshi kurudisha kile stata ilichokula na kile kilichovuja wiki nzima. Pikapu ya kikundi inayokwenda sokoni mara moja kwa juma, kilomita tatu tu, ina ugonjwa huo huo.

Pima kabla ya kutoa pesa

Fundi akikuambia "hiyo imekufa, nunua ingine", mwulize amepimaje. Mita ya kupima volti si ghali, na kikundi chenye kibanda hakina sababu ya kuikosa. Acha gari lipumzike saa chache likiwa limezimwa, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Ukipata volti 12.6 au 12.7, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo tu, na chini ya hapo ichaji leo hii, usingoje kesho. Kisha mtu mmoja apige stata huku mwingine anatazama mita: ikianguka chini ya volti 9.6 na ilikuwa imejaa, betri ni dhaifu kweli.

Injini ikinguruma, magari mengi yataonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na inazidi kushuka, alteneta ndiyo haitoi, na ukinunua betri mpya itakufa vile vile. Tumeona kikundi kimoja kikinunua betri mbili katika mwaka mmoja kwa sababu ya mkanda wa alteneta uliolegea. Mkanda! Lakini fundi awe na subira na magari mapya, kwa sababu baadhi yao kompyuta huamua alteneta itoe kiasi gani, na volti hupanda na kushuka bila kuwa na ubaya wowote.

Kwa betri zenye vizibo vya kufungua, haidromita husema ukweli kuliko mita. Uzito wa asidi ukisoma karibu 1.26 chumba kimejaa, na 1.20 ni nusu. Vyumba vitano vikisoma sawa na cha sita kiko chini kwa 0.05 au zaidi, chumba hicho ni kibovu na betri yote inakwenda naye. Usisahau kwamba ukiongeza maji leo, kipimo cha leo si cha kuaminika. Chaji kwanza ndipo upime. Kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa tu, hadi sahani zifunikwe. Si maji ya kisima, na si asidi. Chupa za asidi na za maji dukani hufanana, kwa hiyo soma karatasi.

Kuchaji

Jambo la kwanza ni kujua una betri ya aina gani. Ile ya kawaida ya asidi ya maji imezoeleka. Lakini magari yanayokuja kutoka Japani na Ulaya, hasa yale ambayo injini hujizima kwenye taa za barabarani na kujiwasha tena, huja na betri zenye herufi AGM au EFB. Katika AGM asidi haichezi kama maji, imenyonywa na pamba ya kioo iliyo katikati ya sahani. Imefungwa na huwezi kuiongezea maji. Ukiiweka kwenye chaja ile kubwa ya zamani ya transfoma, ambayo huendelea kusukuma hadi volti 15 au 16, utaikausha na hutaweza kuirudisha. Isipite volti 14.8. Chaja za kisasa zina swichi ya AGM. Kama chaja yenu haina, na volti zake hamzijui, mwambieni mteja ukweli na msiiguse.

Kuna aina ya tatu. Kuanzia mwaka 2010 Porsche waliuza betri ya lithiamu kwa gari lao la 911 GT3. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 6, pungufu ya ile ya risasi kwa zaidi ya kilo 10, kwa kuwa katika mashindano kila kilo huhesabiwa. Betri kama hiyo yataka chaja iliyotengenezwa kwa lithiamu, basi. Kibanda cha kijijini kisijaribu.

Sasa kazi yenyewe. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa, cheche moja yaweza kuilipua. Mlipuko wa betri hurusha asidi usoni. Kwa hiyo chaji mahali penye hewa, si katika chumba cha kulala, si karibu na jiko wala mtu anayevuta sigara. Vaeni miwani ya kazi. Wekeni ndoo ya maji safi karibu, na pakiti ya magadi. Asidi ikimwagika sakafuni au kwenye chuma, maji ya magadi huiua. Ikiruka kwenye ngozi au jicho usitumie magadi, tumia maji safi mengi, dakika 15 hadi 20 bila kuacha, na jicho lipelekwe hospitali hata kama mtu anasema amepona.

Chaja iwe imezimwa. Funga kibano chekundu kwenye chanya (+), kisha cheusi kwenye hasi (-), ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima kwanza, halafu ndipo utoe vibano. Ile cheche ya kutoa kibano umeme ukiwa bado unapita ndiyo inayowaka gesi. Na angalia swichi ya chaja isiwe kwenye volti 24 ya malori.

Kiasi cha umeme: chukua namba ya ampea-saa iliyoandikwa kwenye betri, gawa kwa 10. Betri ya 45 ipewe ampea 4 na nusu. Ikiwa nusu, itahitaji muda wa saa 6 au 7, na ikiwa tupu kabisa, usiku mzima. Tunajua wateja wana haraka, na vibanda vingine huwapa ampea 20 "ili ikubali upesi". Hiyo huchemsha sahani na kuzipinda. Betri ikishikwa na kuwa ya moto hata mkono unakataa, zima, ingoje ipoe. Tabia nyingine mbaya ni kuunga betri tano za watu mbalimbali katika mstari mmoja kwa chaja moja: iliyojaa itaendelea kuchemka huku iliyo tupu haijashiba.

Kwa gari la kisasa, ikiwa unachaji betri ikiwa bado ndani ya gari, tazama kichwa cha hasi. Ukiona kidude kidogo chenye waya wake mwembamba kimeshikamana na kibano, hicho ni sensa inayoihesabia kompyuta umeme unaoingia na kutoka. Usifunge chaja juu yake. Funga kibano cheusi kwenye chuma tupu cha bodi au injini, ili hesabu isipotee.

Na jampa? Nyekundu kwenye chanya ya gari lililokufa, kisha upande wa pili kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho kabisa upande wake wa pili kwenye chuma cha gari lililokufa, mbali na betri. Soma alama kwa macho yako kila mara. Alama zikiwa zimefutika, mita itakuambia: ikionyesha namba bila alama ya kutoa mbele yake, waya mwekundu wa mita uko kwenye chanya.

Kubadilisha

Kabla ya kwenda dukani andika namba zilizo kwenye betri ya zamani. Katika magari ya Japani utaona kitu kama 46B24L. Namba ya kwanza inahusu nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu wa karibu sentimita 24, na L au R huonyesha vichwa vimekaa upande gani. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowagharimu vijana wetu bila wao kuijua. Betri ya upande usiofaa hulazimisha nyaya zivutwe na kupindishwa, na siku moja mtu atafunga kinyume. Ikiwa gari lilikuja na AGM au EFB, rudisha ya aina hiyo. Ya kawaida ni nafuu, ndiyo, lakini katika gari la kujizima na kujiwasha haidumu. Dukani angalia tarehe ya kutengenezwa, na upime volti: betri "mpya" yenye 12.2 imekaa rafuni ikivuja.

Fungua madirisha ya gari na toa kifunguo nje kabla ya kufungua hata nati moja. Magari mengine hujifunga umeme ukikatika au ukirudi, na kifunguo kikiwa ndani ni kilio. Jifunze pia betri iko wapi. Katika Mazda Roadster za kuanzia 1989 hadi 2005 imo ndani ya buti. Katika Porsche 911 iko mbele, chini ya boneti ya mbele, na matoleo yaliyoanza 2004 boneti hiyo hufunguliwa kwa umeme. Yaani betri ikifa, huwezi kuifikia betri! Walioitengeneza waliliona hilo, wakaweka kichwa cha chanya cha kuvuta ndani ya sanduku la fyuzi, karibu na miguu ya dereva. Ukikilisha umeme hapo, na hasi kwenye chuma cha mlango, boneti hufunguka. Ni kwa kufungulia tu, si kwa kuwashia gari.

Vua saa na pete. Toa hasi kwanza, kisha chanya. Sababu ni hii: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo, na mkono wako ukiwa juu yake. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Safisha vibano kwa maji ya magadi na brashi hadi chuma kiangaze, kaza, kisha paka grisi kidogo juu. Kaza pia chuma kinachoshika betri yenyewe, kwa maana barabara zetu hutikisa sahani hadi zikamwaga risasi chini ya chumba. Betri iliyo ndani ya buti au chini ya kiti ina kimrija cha kutoa gesi nje. Wengi hukiacha kikining'inia, kirudisheni.

Baada ya hapo gari la kisasa laweza kuwa na wazimu kidogo. Redio inaomba namba ya siri, madirisha hayapandi yenyewe, injini inanguruma juu juu kwa dakika chache. Mengi hutulia. Lakini magari kama BMW nyingi za kuanzia miaka ya 2000 hutaka kompyuta iambiwe kwamba betri ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine yake.

Neno kuhusu magari ya haibridi kama Toyota Aqua: betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya kiti cha nyuma waweza kuichaji kwa chaja ya AGM. Nyaya za rangi ya machungwa ni za betri kubwa, katika Aqua volti 144. Usiziguse hata kwa kutaka kuona.

Ile ya zamani

Betri iliyokufa isivunjwe nyumbani wala risasi yake isiyeyushwe kwa jiko la makaa ili kutengeneza vizito vya nyavu, jambo ambalo tumelikuta Pwani na hata ziwani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 katikati ya makazi ya watu na kikafungwa 2014. Watoto walikutwa na risasi katika damu, miongoni mwao mtoto wa Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi pale na ambaye alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015 kwa kuwapigania majirani zake. Mwezi Julai 2020 mahakama ilisema wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi huharibu akili ya mtoto, na haina harufu ya kumwonya mama yake. Peleka betri nzima, na asidi yake ndani, kwa duka unaponunua nyingine. Maduka mengi hupunguza bei kwa kuipokea.

Vijana wetu sasa wana jampa mpya, moja nyekundu na moja nyeusi, na daftari lenye safu ya volti kabla na volti baada. Wamebakiza shilingi 9,000 za deni. Wakati wa Pasaka yule kijana wa Nairobi alirudi na gari lake, akaliegesha chini ya mwembe ule ule. Siku ya tatu mmoja wao akaenda na mita, akaomba ruhusa, akapima: 12.3. Wakavuta waya kutoka kibandani, wakaliacha kwenye chaja usiku kucha, na asubuhi wakamdai shilingi 150. Alilipa 200 na hakungoja chenji.